Mtoto wa Kwenye Picha

Jumapili, 9 Februari

Wifi yangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo hainitaki. Utasema msusi anayesimama kutwa nzima hana cha kulalamikia siku ya mapumziko, lakini subiri nikusimulie ngazi nilizopanda leo.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu na wewe siku hizi ni kujichosha. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka mteja wangu akachomoka chini ya mashine ya kukaushia nywele, rola kichwani, akidhani saluni inaungua, na wewe huko ukanijibu, "Hapana, mvua bado." Basi kalamu itusaidie. Ila tafadhali, usinirudishie barua imejaa wino mwekundu. Mimi si mwanafunzi wako.

Tangu tumzike ndugu yako, sijui nikuambie nini kuhusu nyumba. Ovaroli yake yenye madoa ya rangi bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na kila nikiufungua inanigusa bega. Kuifua siwezi. Kuitoa siwezi. Nimeanza kupitia mlango wa uani.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita aliingia saluni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nikadhani kaja kusuka. Kumbe ana chumba cha picha ghorofani, juu ya duka la miwani, na amesikia juu ya msiba. Akasema kuna picha ya marehemu pale kwake, na hajui aifanyie nini. Wifi, mimi nilijua mume wangu anaandika mabango ya maduka na namba za malori, na kwamba Jumamosi anajifungia stoo na vibao vyake. Vibao vilikokwenda sikuuliza hata siku moja. Mimi na picha wapi na wapi? Mimi ni mtu wa vichwa.

Leo nimekwenda. Chumba chenyewe si kikubwa kuliko saluni yangu, sakafu ya mbao inalia ukikanyaga, na taa moja inapepesa. Picha zimetundikwa mpaka kwenye mlango wa choo. Nilikuta moja nyeupe yote, nyeupe pe, nikamwuliza Mama Miwani kama mchoraji hajaanza kazi. Akasema imekamilika. Haya. Lakini pembeni yake kuna nyingine, ya meza ya jikoni tu, kiti kimoja kimesogezwa nyuma kama mtu kainuka sasa hivi. Nilisimama pale mpaka Mama Miwani akaja kuniita. Aliyeichora simjui, naye hanijui, lakini kaingiaje jikoni kwangu?

Ya ndugu yako iko ukutani upande wa dirisha. Mtoto wa kike wa umri wa kuanza shule, ameketi kwenye kizingiti, kikombe mkononi, anakutazama kana kwamba umemkatiza jambo. Imechorwa vizuri, hata mimi naona. Ila nywele! Mistari imepinda, upande mmoja mabutu matatu, mwingine mawili. Nikamwambia Mama Miwani, "Nani kamsuka mtoto huyu ovyo hivi? Mama yake hana mikono?" Hakucheka. Akasema, "Marehemu aliniambia hii si ya kuuza. Alikuwa anakuja, anakaa kwenye kiti kile, anamtazama, halafu anaondoka."

Unamjua mtoto huyu? Labda wa jirani yenu huko nyumbani? Mama Miwani amenielekeza sehemu nyingine mbili alikokuwa akipeleka vibao. Nitakwenda. Jumapili zangu hazina kazi tena.

Wifi yako,
Msusi

*

Jumatatu, 17 Februari

Wifi,

Barua yako nimeipata. Imeandikwa vizuri kuliko nilivyotarajia, ila hati yako inalala upande mmoja kama mtu aliyechoka.

Mtoto wa kizingitini simjui. Mdogo wangu alikuwa anachora chochote kilichopita mbele yake tangu akiwa na meno ya utoto, aliwahi kumchora baba amelala mdomo wazi na akachapwa. Usitafute makubwa kwenye kibao.

Neno langu ni moja. Picha zake zisiuzwe kabla sijaziona. Magoti yakiniruhusu nitakuja. Najua wewe si mtu wa kukaa na mambo yaliyopita. Siku ya mazishi niliona mengi, nikanyamaza, kwa kuwa hapakuwa mahali pa kusema. Lakini wengine bado tunakumbuka.

Kula vizuri. Usiruke chakula cha jioni.

Mwalimu

*

Jumapili, 2 Machi

Wifi Mwalimu,

Nilitaka kukuuliza ulichokiona siku ya mazishi ni nini, lakini sasa nina swali kubwa kuliko hilo. Ninaandika haraka, kwa hiyo hati ikilala chini kabisa unisamehe.

Sehemu ya pili ni gereji. Yaani ilikuwa gereji. Mwenyewe ni makanika mstaafu, kachoka kulala chini ya magari, akapaka kuta chokaa akaanza kutundika picha. Bado panatoka harufu ya grisi. Wachoraji wake ni watu wa huko huko mtaani, mmoja anachora viatu tu, viatu vya watu mbalimbali vilivyokanyagwa visigino, na nakuapia unaweza kumjua kila mwenye kiatu tabia yake. Nilianza kufurahia, wifi. Nilianza kusema moyoni, kumbe huku ndiko mume wangu alikokuwa anapumulia, na mimi nikamwacha aje peke yake miaka yote.

Halafu Makanika akanipeleka ukuta wa nyuma.

Picha mbili. Ya kwanza ni ndogo, haizidi upana wa kioo changu cha mkononi: kichanga kimelala, kimefunikwa shuka ya hospitali mpaka kidevuni. Ya pili ni msichana anayeanza kupata kifua, ameinamia daftari. Nikamtambua papo hapo. Ni yule wa kizingitini, amekua. Na kichanga ni yeye huyo huyo, sikuhitaji kuambiwa.

Unajua nilivyojua? Nywele. Zinashuka na ncha katikati ya paji la uso, kisha zinarudi nyuma pande zote mbili. Ile ncha, wifi. Marehemu alikuwa nayo. Wewe unayo, ndiyo maana nilikukataza kuzivuta nywele nyuma. Baba yenu kwenye picha ya sebuleni anayo. Nimeshika vichwa vya watu tangu nikiwa msichana, na vichwa havinidanganyi. Mtoto huyo ni damu yenu.

Nikamwuliza Makanika kama anamjua. Akasema hamjui, ila marehemu alikuwa akija kila mwaka wakati wa baridi, mwezi ule ule, anakaa mbele ya hizo mbili, kisha anakwenda zake. "Si za kuuza," alimwambia na yeye.

Basi niambie. Mwanamke ni nani? Anakaa wapi? Mtoto anasoma, kaolewa, yuko wapi? Wewe ni dada yake mkubwa, alikuwa hanywi hata chai bila kukushauri. Mimi na yeye hatukujaliwa tena baada ya yale yaliyotupata, na alikuwa akiniambia, "Tunatoshana." Usiku anasema tunatoshana, na Jumapili anakwenda kumtazama binti yake gereji! Kumbe alikuwa ananicheka?

Nijibu haraka, na usinizungushe.

Msusi

*

Jumatatu, 10 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako na nimeiacha mezani kutwa nzima kabla ya kujibu, maana jibu la kwanza lililonijia lisingekuwa la mtu wa umri wangu.

Marehemu hajamaliza hata msimu mmoja ardhini na wewe umeshamvua nguo. Kwa ncha ya nywele! Watoto wangapi nimefundisha mimi wenye ncha hiyo? Mdogo wangu hakuwa malaika, alikuwa mkaidi na mchafu wa stoo, lakini huyo unayemwandika simjui. Hakuwa na mwanamke mwingine. Ningejua. Angekuja kulia kwangu kabla hujajua wewe, kwa sababu alikuwa hawezi kubeba siri nzito kuliko kikapu cha mayai.

Unaniuliza mtoto wake yuko wapi. Swali hilo, kutoka kwako! Mimi ninamjua mtoto mmoja tu wa mdogo wangu, na wewe unajua alipo. Kama miaka yote hii umechagua kutomtaja na kutokwenda kumwona, hilo ni lako na moyo wako. Usije kunigeuzia mimi.

Sina zaidi.

Mwalimu

*

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, mteja ananisubiri na nusu ya kichwa. "Mtoto mmoja tu, na wewe unajua alipo." Asante. Angalau umekiri. Mbali na hilo, mimi sijui alipo na sikuchagua kutokwenda kumwona, kwani ni nani aliyewahi kunikaribisha? Eti hilo ni langu na moyo wangu! Mnanionyesha mlango uliofungwa kisha mnaniambia nimekataa kuingia.

Nimekwenda sehemu ya tatu. Ni chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, anayependa picha na kuwatundikia wagonjwa wasahau maumivu. Yumo. Sasa ni mwanamke kamili, amesimama kwenye mwanga wa dirisha, amegeuka kidogo, anacheka kwa mdomo wa mume wangu. Mzuri kuliko nilivyotaka awe. Niliketi katikati ya watu wenye mashavu yaliyovimba nikalia, na muuguzi akaniletea pamba akidhani ni jino.

Nimemkariri. Mbele ya sikio la kushoto ana kinyama kidogo kama punje ya mchele. Baadaye nikarudi gereji, nikaangalia na kwa kichanga, kipo. Baba gani anajua mwili wa mtoto wake kiasi hicho kama hakumlea? Mimi nilimzalia maiti, Mwalimu. Nilizinduka hospitalini nikaambiwa mtoto katoka amekufa na ameshazikwa, nikamwomba mume wangu msamaha, mimi, nikamwomba yeye msamaha! Naye akanishika kichwa akalia. Kumbe alikwenda kutafuta wa kumzalia aliye hai.

Nimewaambia wote watatu wauze. Makanika akajibu, "Lakini marehemu alisema." Nikamwambia marehemu amekufa, mwenye mali ni mimi. Kabla sijatoka, alikuwepo mgeni mwenye sanduku la safari, mtu wa kupita tu, akakipenda kichanga. Kikafungwa karatasi ya kaki mbele ya macho yangu. Makanika alitaka kumwuliza jina, nikamwambia asijisumbue.

Usiniandikie tena.

Msusi

*

Alhamisi, 20 Machi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi na nimemwambia asikupe mpaka uwe umekaa. Kaa.

Simamisha uuzaji. Kabla hujasoma mstari unaofuata, mtume mtu aende kwa hao watu wote watatu. Nitasubiri.

Umeandika kwamba ulimzalia maiti. Nimeusoma mstari huo, nikavaa miwani yangu nyingine nikausoma tena, nikamwita jirani anisomee kwa sauti ya juu. Nani alikuambia hivyo? Mtoto wako alizaliwa akilia. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa umepoteza damu nyingi, wamekurudisha chumba cha upasuaji, kisha wamekulaza kitanda cha mwisho karibu na meza ya wauguzi, hujitambui. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku mbili. Mdogo wangu hakumweka chini siku hizo mbili, mpaka muuguzi mkuu akamgombeza, naye akamjibu vibaya, yeye ambaye alikuwa hajawahi kumjibu mtu vibaya. Alikuwa na kinyama mbele ya sikio la kushoto. Nilikiona mimi mwenyewe nilipokuwa namwosha. Kama punje ya mchele, umesema. Ndivyo hasa.

Daktari alikuwa amemwambia ajiandae kuwapoteza nyote wawili. Ndiyo maana alimpa mtoto jina lako. Alisema kama mtaondoka pamoja, basi jina moja liwatoshe.

Mtoto alipofariki, mdogo wangu hakutaka kuondoka kitandani kwako. Mimi ndiye niliyemchukua mtoto nikaja naye huku nyumbani, tukamzika kando ya baba. Nilipomwuliza nani atakueleza, akasema, "Nitamwambia mwenyewe akipata nguvu." Wifi, mimi nikajua amekuambia. Miaka yote nimejua amekuambia! Ulipokuja kututembelea mara ya kwanza nilikupa pole ya mtoto, ukanijibu, "Yale yamekwisha, tusiyafukue." Nikasema moyoni, mwanamke huyu ana roho ya jiwe. Kila ulipokuja nilingoja uniombe nikupeleke kwake, hukuniomba. Na siku ya mazishi ya mumeo uliweka mkoba wako juu ya kaburi dogo ili upate kufunga kanga. Niliuona mkoba ule pale juu ya mtoto, nikakuchukia. Nimekuchukia mpaka Alhamisi ya leo.

Alikuwa hajui kubeba siri, niliandika. Nilimjua vibaya kuliko wewe.

Hakuwa na mtoto mwingine. Hao unaowaona ukutani ni huyo mmoja. Alikuwa akimkuza.

Wifi yako,
Mwalimu

*

Jumapili, 30 Machi

Wifi yangu,

Dereva alifanya ulivyomwagiza. Alikataa kunipa bahasha mpaka nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kusukia, wateja wananitazama.

Sikumaliza kusoma. Nilipofika kwenye neno "akilia" nilitoka mbio na aproni yangu mpaka gereji. Makanika alikuwa anatundika kitu kingine pale palipokuwa na kichanga. Yule mgeni hajulikani. Hakuna aliyemjua jina, kwa sababu mimi nilisema asiulizwe. Makanika ameuliza kwenye nyumba za wageni zote za karibu, kachoka mtu wa watu, ananiambia pole kana kwamba kosa ni lake. Walimwona anapanda gari la kwenda mbali. Basi. Amekwenda na mwanangu ndani ya karatasi ya kaki.

Wengine watatu wapo. Nimewafuata mmoja mmoja. Mama Miwani alinivutia kile kiti alichokuwa akikaa mume wangu, akanifungia mlango, akashuka chini akaniacha. Nilikaa mbele ya yule mdogo wa kizingitini. Unakumbuka nilivyomcheka nywele? Nilisema mama yake hana mikono. Wifi, nimesuka vichwa vya mji mzima. Watoto wa watu wamelala mapajani mwangu wakisinzia huku nikiwasuka, na huyu wangu akabaki anasukwa na baba kwa brashi, ambaye alikuwa hajui hata mstari unaanzia wapi. Mbona hakuniuliza? Angenijia tu jikoni aseme, "Hivi mtoto wa umri huu mnamsukaje?" Ningemwonyesha, hata bila kujua ni wa nini.

Namkasirikia. Naomba uniruhusu nimkasirikie, ingawa ni mdogo wako na ni marehemu. Uliuliza nani aliniambia nimezaa maiti: ni yeye mwenyewe. Najua alitaka kunihurumia. Alijua nikisikia aliishi nitauliza alilia vipi, alinyonya nini, alinitafuta au hakunitafuta, na yeye hakuwa na majibu. Lakini alinipunguzia uchungu kwa kuninyima mtoto. Siku mbili ni chache, lakini zilikuwa zangu pia. Yeye akazifanya zake, akazikuza mpaka zikawa mwanamke wa dirishani, halafu akawagawia watu wenye meno mabovu wamtazame kabla yangu.

Na mimi nikamsingizia. Nimelala na ovaroli yake jana. Hilo sisemi zaidi.

Kuhusu mkoba, nilidhani ni kaburi la mtoto wa watu.

Sasa nina ombi, wifi, na ni wewe peke yako uliyebaki wa kuombwa hilo. Hawa watatu walioko ukutani ni wa kubuni. Alimkisia. Yule kichanga ndiye pekee aliyechorwa kutokana na kumwona, na mimi nilisimama mbele yake nikamtazama kwa hasira, sikuangalia kitu ila nywele na sikio. Nikifumba macho naona shuka. Uso siuoni. Wewe ulimwosha. Niandikie uso wake. Alikuwa na macho ya nani? Midomo? Mashavu yalikuwaje? Niandikie hata kama ni kurasa kumi, hata kama unaona haina maana. Usinifiche tena jambo kwa kunihurumia. Watu wa nyumba yenu mmenihurumia vya kutosha.

Wifi yako,
Msusi

*

Jumapili, 13 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Nimechelewa. Si kwa kusahau. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, mimi ambaye nilikuwa nawaadhibu watoto kwa kuchana madaftari.

Umesema nisikufiche, basi sikufichi. Uso wake siukumbuki.

Nimejaribu kila njia. Nimekaa kaburini kwake asubuhi nzima, nimefunga macho, nimerudi hospitali ile kwa mawazo, nimepita mlangoni, nimenusa dawa ya kusafishia sakafu. Nakumbuka beseni la bati lililobonyea. Nakumbuka maji yalikuwa ya baridi nikaomba ya moto, nikanyimwa, nikayatia mikono yangu mpaka yakapungua ubaridi. Nakumbuka uzito wake, kama mkate. Nakumbuka kucha, zilikuwa ndefu, nikashangaa. Kinyama cha sikioni nakiona. Lakini nikipandisha macho kutoka sikioni kwenda usoni, namwona yule wa kizingitini uliyeniandikia, ameshika kikombe, au yule wa dirishani anacheka. Picha hizo sijawahi hata kuziona! Barua zako zimeingia zikakaa mahali pake. Najua sivyo alivyokuwa, na nashindwa kuziondoa. Nisamehe. Ningeweza kukubunia macho na mashavu, na wewe usingejua. Nilikaribia kufanya hivyo juzi. Halafu nikamkumbuka mdogo wangu.

Umeuliza alinyonya nini. Maji ya sukari, kwa pamba. Alilia vipi. Kwa sauti ndogo ya kukwaruza, si mara nyingi. Umeuliza, au umesema mumeo aliogopa utauliza, kama alikutafuta. Hilo ninalo, wifi, na hili silibuni.

Jioni ya pili alilia asinyamaze. Mdogo wangu alimtembeza korido yote, nikampokea, hakunyamaza. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, amechoka, akasema, "Mpelekeni kwa mama yake." Tukamwambia mama hajitambui. Akasema, "Sikuuliza hilo." Akamchukua yeye mwenyewe, akafungua vifungo vya gauni lako la hospitali, akamlaza kifuani kwako, kichwa hapa chini ya kidevu, akakunja mkono wako akamzungushia, akaushikilia usianguke. Mtoto akanyamaza saa hiyo hiyo. Mdogo wangu alikaa kwenye stuli, akatoa penseli, akashindwa kuchora.

Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Mpaka hapo alikuwa hajayafungua vizuri, lakini pale aliyafungua, akainua uso, na uso wako ulikuwa hapo hapo juu yake. Muuguzi akasema, "Mwone, anamwangalia mama yake." Alikuangalia kwa muda mrefu, wifi, mpaka akasinzia. Hukumwona, lakini yeye alikuona.

Wifi yako,
Mwalimu